Kiti cha Mama Phelesia

Watu wa Homa Bay wakisikia kwamba niliwahi kuwa mpishi Mfangano, huniuliza jambo moja tu: ati ni kweli yule mama mwenye hoteli alimfukuza mkwe wake usiku, akalala nje? Kwanza haikuwa usiku, jua lilikuwa bado liko juu ya maji. Pili, hakulala nje. Tatu, kama hujui mambo ya wakwe, funga mdomo kidogo nikueleze, kwa sababu mimi nilikuwa pale na mwiko mkononi, na kila nikisikia hadithi hiyo ikisimuliwa kichwa chini miguu juu, damu inanichemka.

Mimi naitwa Bosibori. Kwetu ni Kisii, lakini wazazi wangu walihamia Migori kulima na kuuza ndizi, nami nikazifuata ndizi hadi ziwani. Siku moja nilishuka kwenye boti huko Mfangano na mkungu kichwani, nikaenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni wa ile hoteli ya mawe. Mama Phelesia alitoka, akaminya ndizi moja kwa kidole, akaniuliza kama najua kuzipika au ni kuzibeba tu. Swali hilo lilinikera. Niliingia jikoni mwake bila kukaribishwa, nikamenya, nikapika, nikamwekea sahani mbele. Alikula akamaliza, akaniambia nitundike lesso yangu pale nyuma ya mlango. Lesso hiyo ilikaa hapo miaka mingi.

Nyumba yenyewe ilijengwa kabla ya vita vya Hitler. Aliyeijenga alikuwa Mzungu mmoja, nahodha wa meli za ziwani aliyestaafu, akachagua upande wa kisiwa usio na kelele, akajenga kwa mawe meusi ya hapohapo, na veranda pana ya mbao inayotazama maji. Kwenye nguzo ya veranda alining'iniza kengele ya shaba aliyoitoa kwenye meli yake. Vyumba ni vichache na dirisha la kila kimoja linafungukia ziwani. Stima hakuna, usiku ni taa za mafuta. Gari hakuna, kisiwa kizima. Ukiamka asubuhi unasikia kuku, makasia, na watu wakisalimiana kutoka shamba hadi shamba. Wafanyabiashara waliokuwa wakitoka Remba, kule ambako watu wamebanana na muziki haulali, walikuwa wakifika kwetu wakiongea kwa kupiga kelele, na kufikia chai ya saa kumi sauti zao zimeshuka zenyewe.

Nahodha aliporudi kwao wakati wa Uhuru, aliiacha nyumba kwa Cephas, fundi seremala aliyemjengea paa na boti. Cephas ndiye aliyekuwa mume wa Mama Phelesia. Sasa sikiza tofauti ya watu. Huyo nahodha alikuwa akila peke yake kwenye kona, mgongo kwa wageni. Mama Phelesia alipoingia, jambo la kwanza alilofanya ni kumwambia Cephas avunje boti moja kuukuu, na mbao zake azitengenezee meza moja ndefu. Akasema katika nyumba hii hakuna mgeni atakayekula kama mtu aliyefiwa. Atakayekula hapa atakula na mimi.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kiti chake kilikaa kichwani mwa meza, kimetazama mlango wa ziwani. Ukifika kwa boti, unapanda ngazi, unapiga kengele wewe mwenyewe, mara moja tu. Yeye popote alipo, shambani au kwa jirani, akiisikia anajua kuna sahani moja zaidi. Awe mkuu wa wilaya, awe mama wa omena mwenye magamba ya samaki kwenye mikono, akishapiga kengele ni mgeni, na jioni anaketi meza moja na mwenye nyumba. Samaki wa kwanza alikuwa akiwekewa mgeni kwa mkono wa Mama mwenyewe: ngege wa asubuhi hiyo, au mbuta aliyekaushwa kwa moshi nikampika kwa karanga, na ugali wa muhogo na mtama. Kabla ya kuja mezani alipanda juu akavaa gauni lake la samawati lenye kola nyeupe. Hakuna siku aliyokosa. Malaria ilipomshika alikuja na blanketi mabegani, akatetemeka hapo hadi wageni wakamaliza. Siku iliyofuata maziko ya Cephas alikaa kwenye kiti kile, akawauliza wageni wamelalaje. Mimi nilikuwa jikoni nalia kama ni mimi niliyefiwa.

Nilimpenda mama yule, sitaficha. Nimefanya kazi na watu wengi baadaye, wengine wana hoteli za ghorofa, na hakuna hata mmoja anayemfikia kwenye kidole cha mguu.

Sasa mambo ya wakwe. Hapa ndipo watu wa mbali hupotea. Kwa Waluo na Wasuba wa visiwani, na kwetu Wakisii vilevile, mama mkwe na mume wa binti yake hawali pamoja. Hawashikani mikono. Wakikutana njiani kila mmoja anampisha mwenzake kwa mbali. Na mkwe halali chini ya paa la mama mkwe wake, hata mvua inyeshe ya mawe. Si chuki hiyo. Ni heshima, sisi kwetu tunaiita chinsoni, na huwezi kumpa mwanaume heshima kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo ukimwona mama anatafuna chakula mbele ya mwanaume fulani, jua huyo kwake ni mtu tu. Si mkwe, na baada ya siku hiyo hawezi tena kuwa mkwe, maana wameshaonana wakila.

Mama Phelesia alikuwa na binti mmoja, Emmaculate. Tulimwita Ema. Msichana wa kucheka sana, mkono mwepesi jikoni. Ema aliondoka na kijana mmoja anayeitwa Duke, Mkisii mwenzangu, ambaye alikuwa akinunua omena kisiwani na kwenda kuziuza Isebania mpakani. Waliondoka siku ya soko bila kuaga. Duke hakuleta wazee, hakuleta ng'ombe, hakuleta hata salamu. Nilikasirika kuliko wenye mtoto. Kwa wiki nzima kila aliyenitazama kisiwani nilihisi ananiambia, ona watu wenu.

Cephas alikufa bila kumwona mkwe. Ema alikuja mazikoni peke yake. Binti aliyeolewa akija kumzika baba yake huja na mume wake na watu wa mume wake, ng'ombe akiongozwa mbele, na kila mtu pale gatini anaona kwamba huyu ana kwao kwingine. Mama Phelesia alimkuta gatini akamuuliza mbele ya umati: "Umeletwa na nani?" Ema alitazama huku, akatazama kule, hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Alitazama chini. Alimzika baba yake, na boti ya kwanza iliyoondoka aliondoka nayo.

Tangu hapo hawakuonana. Mama hakulisema jambo hilo hata mara moja. Lakini kila boti ikikaribia alikuwa akitoka verandani, akaweka mkono juu ya macho kuangalia nani anashuka, halafu akiona namwona anajifanya anaangalia mawingu. Nami nilikuwa namwambia, ndiyo Mama, naona leo itanyesha.

Basi ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mwezi wa nane, wakati gugu maji limeziba ziwa hata boti ya Mbita inakuja ikipenda. Nilikuwa napepeta mtama nikasikia kengele. Nilipotoka verandani, nikamwona Duke. Amevaa koti la mjini, mkoba mkononi, viatu vimelowa. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniamkia vizuri, akasema anataka chumba cha usiku mmoja na chakula cha jioni.

Nilimshika mkono wa koti nikamvuta hadi nyuma ya jikoni, penye kuni, nikamfokea kwa Kikisii hadi kuku wakahama. Nilimuuliza kama alilelewa na watu au na fisi. Nilimuuliza ni nani alimfundisha kwenda kwa wakwe bila mzee hata mmoja, na mkoba kama mtu wa sensa. Alingoja nimalize. Ilichukua muda.

Kisha alinieleza. Wana mtoto wa kike, Nyakerario, jina la marehemu mama yake Duke, na mwingine yuko njiani. Ema amekataa kabisa kukanyaga kisiwani hadi awe na jibu la lile swali la gatini. Usingizini hulia akimwita mama yake. Duke alikwenda kwa amu yake Nyakundi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akamwomba wapeleke ng'ombe. Nyakundi akamwambia hajui kama wale watu wa ziwa watampokea au watamfukuza na ng'ombe wake, na yeye juu ya maji hapandi kwenda kutafuta aibu. Ndipo Duke akapata wazo lake la ajabu. Kwa wakwe huwezi kuingia bila wazee, sawa. Lakini hoteli ni ya kila mtu. Ataingia kama mgeni yeyote, atakaa mezani karibu na Mama, na wakiwa wanakula atamwomba msamaha polepole.

Nilimtazama nikashindwa hata kukasirika. Miaka ya mjini ilikuwa imemwosha kichwa mpaka ndani. Nikamwambia, "Wewe, ukila naye leo umekwisha. Ukishapiga ile kengele wewe ni mgeni, na mgeni hapa hula na mwenye nyumba. Akikaa kwenye kile kiti mbele yako, umejifungia mlango. Utamwita nani mama mkwe kesho?"

Nilimwona akipauka. Aliuliza kama anaweza kuondoka. Boti ilishaondoka, na kwa gugu lile ingerudi kesho tu. Aliuliza kama anaweza kusema anaumwa asije mezani. Nikamwambia hakuna mtu aliyewahi kuikataa meza ya Mama Phelesia, na kama anataka kuwa wa kwanza basi ajue Ema hatarudi hapa hata akifa. Alikaa juu ya kuni akashika kichwa. Kusema kweli nilimhurumia, ingawa kuna sehemu ndogo moyoni iliyokuwa inafurahia.

Mama alirudi kutoka shambani na kapu la mboga. Akauliza nani amepiga kengele. Nikamwambia. Aliweka kapu chini, akamimina maji, akanawa mikono, akanawa tena mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Alipiga yeye mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ni mgeni," akasema, akapanda juu chumbani kwake.

Lakini mimi si mtu wa kunyamaza, nilimfuata hadi mlangoni kwake na kuongea na ule mlango. Nilimweleza yote: Ema, mtoto, mimba, Nyakundi na woga wake wa maji, ujinga wa Duke. Nikasema huyu kijana ni mpumbavu, ndiyo, lakini ni mpumbavu aliyekuja. Nikasema kengele ni shaba tu, na kama ile meza imetengenezwa ili watu wasile kama waliofiwa basi asije akaitumia kumwombolezea mtoto aliye hai. Nilijua nimevuka mpaka. Halafu sauti yake ikaniambia niende niangalie samaki wangu wasiungue, na nichinje yule kuku mwekundu.

Nikashuka na kisu. Usidhani nilipata matumaini kwa sababu ya kuku. Tulikuwa na wageni wawili wa Uholanzi, mtu na mke wake waliokuja kutazama ndege, na jana yake yule mke alikuwa amesema kwa adabu kwamba samaki ni wazuri sana lakini je, kisiwani kuna kuku? Nilijua kuku ni wa Waholanzi. Nikamchinja nikimlaumu kila mtu.

Jua lilipoanza kushuka nilipanga meza. Kwetu tulikula mapema ili tusipoteze mafuta ya taa. Waliketi Waholanzi upande mmoja. Upande wa pili aliketi Mochama, afisa wa samaki aliyekuwa akija kila mwezi kukagua nyavu, Mkisii naye, mtu mpole anayependa kula. Karibu naye nilimweka Duke. Mochama alimtazama, akakitazama kile kiti, akanitazama mimi, akaelewa yote. Aliweka chini uma wake.

Duke alikuwa hatazami chakula wala watu. Alikuwa anakitazama kiti. Sijawahi kuona mtu akimwomba Mungu kwamba mwenye nyumba asije kula naye, lakini jioni hiyo niliona. Yule Mholanzi, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, alisimama na kukivuta kiti nyuma kidogo, tayari kwa Mama, kama alivyofanya jana yake. Duke alifumba macho.

Mimi nilisimama kwenye ukumbi mdogo ulio kati, mlango wa chumba cha kulia upande wa kulia, jikoni upande wa kushoto. Nikasikia hatua kwenye ngazi. Mama Phelesia akateremka amevaa gauni lake la samawati lenye kola nyeupe, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, vile alivyovaa kila siku anapokwenda kukaa na wageni. Nilipoliona lile gauni, nilikata tamaa. Nikasema moyoni, kwaheri Ema.

Alifika ukumbini akasimama. Kupitia mlango alikiona kiti chake na yule Mzungu amekishika. Aliweka mkono kwenye kitasa. Miaka yote ile, malaria, kifo, njaa ya mwaka wa themanini na nne, hakuna mgeni aliyewahi kukaa kwenye meza hiyo bila yeye. Ilikuwa ndiyo fahari yake, na mimi niliijua, kwa sababu hakuwa na nyingine aliyoionyesha. Akauvuta mlango polepole mpaka ukafungika.

Halafu aligeuka akaingia jikoni. Alivuta kile kigoda changu cha kumenyea viazi, akakunja gauni lake zuri lisiguse majivu, akaketi.

"Bosibori, mimi nitakula hapa."

Kwa ujinga wangu nikamuuliza, na sheria ya meza je? Na kengele? Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Hii ni nyumba yangu kabla ya kuwa hoteli. Na yule ni mkwe wangu. Mpelekee kuku wake, asipungue kitu."

Kuku mzima, na firigisi yake. Hivyo ndivyo mkwe anavyopewa. Na ndiyo sababu alivaa lile gauni. Mkwe anapofika kwa mara ya kwanza, mama havai matambara ya jikoni, hata kama mkwe hatamwona.

Nilibeba sahani kubwa kwa mikono miwili. Nilipofungua mlango wote walinigeukia. Nikawapita Waholanzi, nikampita Mochama, nikaiweka mbele ya Duke. Alimtazama kuku. Akatafuta kama kuna kipande kilichoondolewa, hakuna. Akakitazama kiti, kitupu. Kisha akachukua kitambaa cha meza akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Yule mama wa Kiholanzi alidhani ameugua. Mume wake alikuwa bado amesimama ameshika kiti, anauliza kama mwenye nyumba amekasirika na nani. Mochama alimwambia akae ale, hakuna aliyekasirika. Akawaeleza kwa Kiingereza chake cha ofisini kwamba mama amekataa kula na huyu kijana, na kwa hiyo sasa ni ndugu. Waholanzi walitazamana. Sidhani walielewa, lakini walikaa.

Nikarudi jikoni. Mama alikuwa hajagusa sahani yake, alikuwa ameinamisha kichwa upande wa ukuta anasikiliza. Aliniuliza kama anakula. Nikamwambia anakula na analia.

"Basi usimpelekee chumvi," akasema, ndipo akamega ugali wake. Mimi ndiye niliyecheka mpaka nikalia, yeye alitafuna tu.

Sasa kuhusu kufukuzwa. Mkwe halali chini ya paa la mama mkwe, nimeshasema. Tulikuwa tumemtandikia Duke chumba cha mbele, shuka nyeupe, chandarua, dirisha la ziwani. Mama alinituma nikamwambie achukue mkoba wake aende nje ya ua kwa Maranga, fundi wa boti, jirani yetu, akalale huko. Nikamwambia. Jamani, sijawahi kuona mtu akitolewa kwenye kitanda kizuri namna ile akatoka anatabasamu. Alichukua mkoba akashuka ngazi za veranda kama ameitwa jina lake kanisani, jua bado liko juu ya maji. Yule mama wa Kiholanzi alimkimbilia hadi gatini na blanketi, uso mwekundu kwa hasira, akimwambia pole. Duke alimshukuru kwa blanketi. Hao Waholanzi ndio waliokwenda kusimulia Homa Bay kwamba kuna mama Mfangano anafukuza wageni, na watu wa Homa Bay kwa kupenda maneno wakaongeza usiku na kulala nje. Ndiyo hiyo hadithi yenu.

Asubuhi Duke aliondoka bila kuonana na Mama, kama inavyotakiwa. Alipofika kwao, nasikia, hakumwambia amu yake mambo mengi. Alimwambia tu amepewa kuku mzima na akanyimwa kitanda. Mzee Nyakundi alisimama akatafuta fimbo yake.

Walikuja mwezi wa kumi na mbili, katikati ya zile mvua kubwa, siku moja iliyopambazuka kavu. Tuliiona boti ikitoka upande wa Mbita, ile kubwa ya kubeba mizigo, na pembe za ng'ombe zimesimama juu ya ukingo. Nyakundi aliyeapa hatakanyaga maji alikuwa amemkumbatia ng'ombe mmoja shingoni kwa mikono yote miwili, anaimba nyimbo za Kisabato kwa sauti ambayo ilisikika kabla ya injini. Ndugu zake marehemu Cephas walikuwa tayari ufukweni kuwapokea. Wazee wakashuka. Ng'ombe wakashushwa, wakajitikisa maji. Duke alishuka akapita mbali na kengele hata jicho hakuitupia, akasimama nyuma ya ng'ombe, uso ameugeuzia upande. Amejifunza, nikasema.

Ema alishuka mwisho. Mtoto mchanga mgongoni, Nyakerario mkononi. Alikuwa amekonda kidogo, na alikuwa amesuka nywele upya kwa safari.

Mama Phelesia alikuwa verandani, na siku hiyo hakutazama mawingu. Aliteremka ngazi zote, akawazunguka wanaume kwa mbali, akaenda hadi gatini pale Ema aliposimama. Palepale. Watu wote waligeuka kutazama, hata Nyakundi aliyekuwa ameinama kwenye matete akitapika safari yake.

"Umeletwa na nani?"

Haki ya Mungu, nilitaka kumpiga. Nilishika lesso yangu kwa meno nisije nikasema kitu. Nilisema moyoni, mama huyu ni mawe kama nyumba yake, baada ya yote haya.

Lakini Ema hakutazama chini. Aliinua kidevu, akamwachia mtoto mkono, akanyoosha wake. Alimwonyesha Duke nyuma ya ng'ombe. Akaonyesha ng'ombe. Akamwonyesha Nyakundi kwenye matete na wazee wengine waliolowa magoti, mmoja mmoja, bila haraka.

"Nimeletwa na wale, mama."

Mama Phelesia aliwatazama wote mpaka akamaliza. Alitaka watu waone anawatazama. Ndipo nikaelewa kwamba swali lile alilirudia ili Ema alijibu, mbele ya macho yaleyale yaliyomwona akishindwa. Kisha akamfungua mtoto mgongoni mwa Ema, akamlaza kwenye bega lake mwenyewe, na wakapanda ngazi pamoja, Nyakerario akivuta ile kola nyeupe.

Mchana huo meza ile ndefu ilijaa hadi tukaleta mabenchi kanisani. Nilipika nikachoka. Wazee wa Kisii na wazee wa Suba walikula, wakabishana kuhusu samaki na ndizi kipi ni chakula na kipi ni kitoweo. Duke alikaa katikati yao. Kichwani mwa meza kiti cha Mama kilisimama kitupu na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Yeye alikuwa jikoni, kwenye kigoda changu, mtoto mchanga mapajani, Ema sakafuni amemwegemea goti, Nyakerario akila kutoka sahani ya nyanya yake bila hata kuomba. Moshi ulikuwa unawaingia machoni. Nilimuuliza Mama kama nimletee kiti kizuri kutoka ndani. Akasema hapana, pale panamtosha.